Wasee, fungeni hiyo 6379
Kila mara nakutana na video za kufundisha: Redis ikikataa kuunganika, weka bind 0.0.0.0, zima protected-mode, maliza. Manze, huo si msaada. Ni kama kuacha bedsitter yako wazi halafu uende ocha.

Redis iliundwa kwa imani kwamba kila anayeifikia ni mtu wa nyumbani. Ndio maana tangu toleo la 3.2, la 2016, ukiiacha bila nywila inawakataa wageni. Hiyo eror inakulinda, buda. Kwenye matoleo ya kabla ya 7, kama inaendeshwa na root, mgeni anatumia tu CONFIG SET kupanda ufunguo wake wa SSH. Seva si yako tena.

Unataka kuifikia ukiwa kwa laptop? Andika ssh -L 6379:localhost:6379 kisha anwani ya seva. Imeisha hiyo.

Na nyinyi wa Docker, mnaojiamini ati mko na ufw: -p 6379:6379 inaipita kando. Andikeni -p 127.0.0.1:6379:6379. Nywila nayo iwe ndefu ajabu, kwa sababu Redis ina mbio, na anayebahatisha atajaribu maelfu kwa sekunde.