Zanzibar bila disko: pesa ya mgeni inaangukia mkono wa nani?

Kila mavuno yanapokaribia kwisha, wasikilizaji wetu wa Katesh, Endasak na hata Haydom upande wa Mbulu hututumia swali moja: mtu akipata siku nne za kwenda Zanzibar, naye si mtu wa disko, afanye nini kule? Swali ni la haki. Picha zinazotufikia kwenye simu ni zilezile za ufuo wa Kendwa, taa za rangi, spika kubwa na wageni wanaocheza mchangani mpaka alfajiri. Anayeziona anaweza kudhani kisiwa kizima hulala mchana na kuamka usiku.

Tumeamua kulijibu swali hili kama jambo la uchumi, maana anachokifanya mgeni ndicho kinachoamua pesa yake inaishia kwa nani. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Hanang tuna sababu yetu ya kulifuatilia, na tutaifikia.

Kisiwa kilipoishiwa bia

Januari 2024 Zanzibar ilipata msukosuko ambao wengi huku bara waliucheka. Waagizaji wa pombe wa zamani hawakuhuishiwa vibali, kampuni mpya zikapewa nafasi, na kabla hazijasimama vizuri bia na mvinyo vikaadimika hotelini. Bei zikapanda. Waziri wa Utalii wa wakati huo, Simai Mohammed Said, aliyekuwa ameonya hadharani kwamba uhaba huo unaumiza utalii, akajiuzulu mwezi huohuo akisema mazingira ya kazi hayakuwa rafiki.

Kwa visiwa ambavyo wakazi wake karibu wote ni Waislamu, hilo lilikuwa funzo zito. Mwaka huo Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 700,000, wakati sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wasiofika milioni 1.9. Biashara kubwa namna hiyo ikitikiswa na kreti za bia, lazima mtu aulize ni kitu gani hasa kinachouzwa pale. Bia inaagizwa kutoka nje, spika hali kadhalika, na wamiliki wengi wa hoteli za ufuoni si watu wa kijiji kile. Mwanakijiji anabaki na mshahara wa mhudumu, au wa mlinzi. Hata ulinzi wenyewe, na uuzaji wa shanga ufuoni, umeshikwa kwa sehemu kubwa na vijana wa Kimasai waliotoka bara, mkoa wetu wa Manyara ukiwemo.

Mwezi mmoja, kazi mbili

Kwa nini sherehe zilikwenda Kendwa na Nungwi, kaskazini kabisa mwa Unguja? Sababu mojawapo ni bahari. Kule maji yakipwa hayaendi mbali, kwa hiyo mtu anaogelea saa yoyote. Upande wa mashariki, Paje, Jambiani na Bwejuu, maji yakitoka yanaacha uwanda mweupe wa kutembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba.

Sherehe maarufu ya Kendwa hufuata mwezi mpevu. Sasa, sisi watu wa milimani tunaujua mwezi kwa safari za usiku na kwa kuchunga mifugo. Watu wa pwani wanaujua kwa bamvua. Mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiandama, bahari hujaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida. Siku hizo ndizo wanawake wa mashariki wanazozisubiri, kwa sababu maji yanakauka vya kutosha kuwafikisha kwenye mashamba yao ya mwani. Maji ya bamvua hukauka sana mnamo saa nne asubuhi. Mgeni wa Kendwa wakati huo bado yuko kitandani, na mama wa Paje amekwisha loa mpaka kiunoni.

Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanapigilia vijiti chini ya bahari, wanavuta kamba, wanafunga vipande vya mwani, na baada ya wiki chache wanavuna na kuanika. Sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa imekaushwa, ikatengenezwe ute unaotumika kwenye dawa za meno, vyakula na vipodozi. Bei ya mwani mkavu ni ndogo, na aina yenye bei nzuri zaidi, wanayoiita cottonii, imekuwa ikifa kwa sababu maji ya kina kifupi yamezidi kuwa na joto.

Hapo ndipo mgeni anapoingia. Paje wapo wanawake wanaogeuza mwani kuwa sabuni na mafuta ya kupaka, na wanampeleka mgeni shambani maji yakiwa yametoka, wakimweleza kazi hatua kwa hatua. Anayelipa kiingilio cha ziara hiyo na kununua vipande vitatu vya sabuni ameweka mkononi mwa mkulima pesa ambayo ingehitaji mwani mwingi mkavu kuipata. Kwa maoni yetu, kama una asubuhi moja tu Zanzibar, iwe hiyo. Nenda na viatu vya kukanyagia maji, kwa sababu wapo urumba, wadudu wa baharini wenye miiba mirefu kama ya nungunungu.

Mjini na msituni

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na unatembeleka kwa miguu bila kulipa chochote. Mahali pa kutokukosa ni Mkunazini. Soko la watumwa lililokuwa pale lilifungwa 1873, Sultani Barghash alipolazimishwa na Waingereza kutia saini mkataba, na kanisa la Kianglikana likajengwa juu ya uwanja wake. Mtu wa Hanang asidhani hiyo ni historia ya watu wa pwani peke yao. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikuwa na kituo Kondoa Irangi, jirani zetu wa kusini.

Beit el Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, utaliangalia kwa nje. Sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi 2020 na kuua watu wawili.

Msitu wa Jozani uko njiani kuelekea kusini, na daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita mlangoni. Kuna kima punju, asiyepatikana porini popote duniani nje ya Zanzibar. Sehemu ya mapato ya kiingilio hugawiwa vijiji vinavyopakana na msitu. Huko nyuma wakulima waliwaona kima hao kama waharibifu wa mazao, na hesabu hiyo ya pesa imesaidia kuwapunguzia uadui. Barabarani pamewekwa matuta ili magari yasiwagonge.

Usiku nao upo kwa asiyependa disko. Forodhani kuna urojo na mishikaki. Taarabu ina mizizi mirefu pale: kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa 1905, na hakijafa. Tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika Ngome Kongwe kila Februari tangu 2004, isipokuwa 2016 lilipokosa fedha. Na kama mfugaji utavuka mpaka Pemba, ulizia mchezo wa ng'ombe. Watu wanacheza na fahali uwanjani na fahali hauawi. Tungependa kusikia wazee wa Kibarbaig wangesema nini juu ya hilo.

Onyo dogo. Vijana wanaokufuata bandarini wakikutaka uwafuate wao hotelini na kwenye ziara, Wazanzibari wenyewe wanawaita papasi. Mfugaji anamjua papasi ni mdudu gani, hatuna haja ya kueleza zaidi. Tafuta mtembezaji mwenye kitambulisho, mpatane bei kabla hamjaondoka.

Hanang inahusikaje

Mlima wetu una mita 3,417 na njia yake ya Jorodom inaanzia hapahapa Katesh. Mgeni anapanda, anashuka, anapanda gari kurudi Babati au Arusha. Mara nyingi hata chakula amebeba kutoka huko alikotoka. Tangu maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua watu 89 na kufukia nyumba na maduka, tumesikia mara nyingi katika mikutano kwamba utalii utasaidia kuinua mji. Tunapotaja utalii, wengi wetu tunafikiria kwanza hoteli kubwa na baa ya kisasa.

Zanzibar wana hoteli na baa za kutosha, na bado mkulima wa mwani alisubiri miaka mingi kabla ya mgeni kumfikia. Kilichombadilishia hali kilikuwa kidogo tu, mtu wa kijijini aliyeamua kwamba kazi yake ya kila siku inastahili kuonwa na kulipiwa. Kwetu wapo wanaochota chumvi Ziwa Balangida. Wapo akina mama wa Kibarbaig wanaojua kushona sketi za ngozi zenye shanga. Bado hawana saa maalum za kupokea wageni, bei iliyoandikwa, wala kijana mmoja wa kuwatafsiria. Halmashauri inaweza kuanza na hayo kabla ya kutafuta mwekezaji. Mgeni akilala Katesh usiku mmoja zaidi kwa ajili ya Balangida, mama ntilie wa stendi ataona tofauti wiki hiyohiyo.

Kwa anayefunga safari: kutoka Katesh unaweza kupita Singida hadi Dodoma, ukapanda treni ya umeme iliyoanza kazi 2024 mpaka Dar es Salaam, kisha boti ya mwendo kasi ya saa mbili hivi. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu raia hulipa nauli ndogo kuliko mgeni wa nje. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana, utajikuta mikononi mwa polisi. Ukiweza, chagua Julai. Mahindi yetu yatakuwa ghalani, na Makunduchi watakuwa na Mwaka Kogwa, siku ambayo wanaume wanapigana kwa migomba kumaliza kinyongo cha mwaka mzima na wanawake wakiimba pembeni. Mgeni asiye na mwenyeji siku hiyo hukaribishwa kula nyumba yoyote.