Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa VETA: Fildi ya ushonaji iwe na mkataba

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kitenge chenye picha za tausi humtoa jasho hata fundi mzoefu. Patroni ikipangwa bila kuangalia vichwa vya ndege vinaelekea wapi, kipande cha mbele hutoka sawa na cha nyuma hutoka miguu juu, na mteja wa sendoff haelezeki. Mwanafunzi wa ushonaji na ubunifu wa mavazi anaweza kuandika somo hilo daftarini, lakini hulishika siku anapokata kitambaa cha mteja, fundi akiwa pembeni.

Ndiyo faida kubwa ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Mbunifu wa mavazi wa Uingereza, Alexander McQueen, aliacha shule akiwa na miaka 16 akaenda kujifunza ushonaji wa suti kwa Anderson & Sheppard, mafundi wa Savile Row, London; ukataji uliompatia jina baadaye ulianzia hapo. Dar es Salaam nako, tangu mbunifu Mustafa Hassanali aanzishe maonyesho ya mavazi ya Swahili Fashion Week mwaka 2008, vijana wamepata mahali pa kuonja kasi ya kazi yenyewe: nyuma ya jukwaa zipu hukatika mwanamitindo akiwa amebakiza dakika moja kutoka, na mtu lazima awe na sindano mkononi.

Lakini fildi hiyohiyo ina upande mwingine. Wapo wanaoripoti kwa mbunifu wakidhani watakata patroni, wakaishia kupiga pasi, kutoa nyuzi, kufuata vifungo Kariakoo na kuagiza chakula cha mchana. Daftari la fildi hugongwa muhuri mwishoni vilevile. Nauli ni ya mzazi, chakula ni cha mzazi. Akihitimu, kijana huambiwa "ajitolee kwanza", na kujitolea huko hakuna tarehe ya mwisho. Kwa fundi wa mtaani hali inaweza kugeuka kabisa: mwanafunzi ndiye humlipa fundi ili akubaliwe kukaa kwenye cherehani.

Asiye na ndugu wa kumhifadhi mjini anaachwa nje, hata kama mkono wake ni mwepesi kuliko wa wenzake.

Kiwandani kasoro ni nyingine. Serikali imewahi kuwapeleka vijana kujifunza Tooku Garments, Dar es Salaam, na Mazava, Morogoro, na hatua hiyo ilistahili pongezi. Ila kiwanda cha nguo huendeshwa kwa mstari: mmoja anashona mifuko, mwingine mapindo, wa tatu anapiga ovaloki. Anayekaa kwenye mashine moja muda wote hutoka na kasi ya kuonewa wivu, bila kuweza kuitengeneza suruali nzima.

Suala la malipo ya fildi nchi nyingine zimeshalipitia. Mwaka 2013 watu wawili waliowahi kujifunza kazi katika majarida ya Condé Nast, mchapishaji wa Vogue, waliishtaki kampuni hiyo nchini Marekani kwa kuwapunja ujira. Mmoja alidai alilipwa dola 12 kwa siku. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Kabla ya hapo, hata hivyo, ilikuwa imeshaufuta mpango wote wa mafunzo, na waliokuwa wakisubiri zamu yao wakakosa mlango. Ufaransa ilipita njia nyingine: chuo, mwanafunzi na mwenye kazi husaini mkataba mmoja, mwanafunzi haruhusiwi kuziba nafasi ya mwajiriwa, na mafunzo yakizidi miezi miwili posho ni lazima.

Njia hiyo inawezekana hapa, ila kuna kikwazo cha kuangaliwa. Tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo sehemu yake hugharimia mafunzo ya ufundi, hutozwa asilimia 3.5 ya mishahara kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Wabunifu wengi wa mavazi wana cherehani tatu au nne na msaidizi mmoja. Hawafiki kiwango hicho, lakini hao ndio wanaopokea wanafunzi. Wakilazimishwa kulipa posho kutoka mfukoni, watafanya kama Condé Nast: watafunga mlango.

Kwa hiyo posho ya nauli na chakula kwa wanafunzi wanaopelekwa kwenye karakana ndogo itoke kwenye fungu la SDL, ilipwe moja kwa moja kwa mwanafunzi. Mbunifu naye asaini mkataba unaotaja hatua atakazofundisha: kupima, kuchora patroni, kukata, kushona, kumalizia na kupanga bei. Kila hatua iwe na nafasi yake katika daftari la fildi, na mwalimu wa VETA akifika kwa ukaguzi aione nguo aliyoishona mwanafunzi kabla ya kugonga muhuri. Majaribio yanaweza kuanzia chuo kimoja cha Dar es Salaam, kwa wanafunzi wa ushonaji watakaokwenda fildi muhula ujao.