Damu na Utu Uzima: Juu ya "Kukomaa" kwa Michezo ya Video

Mara nyingi husemwa kwamba mfululizo fulani wa michezo ya video "umekomaa", hali kilichoongezeka humo ni damu, giza na matusi. Hicho ni kipimo cha muuza bidhaa. Mhakiki anayekiazima amekwisha kuiacha kazi yake.

Chukua Prince of Persia. Katika The Sands of Time (2003), mwanamfalme ndiye msimulizi wa kisa chake. Mchezaji akimwangusha shimoni, yeye husahihisha masimulizi: mambo hayakuwa hivyo. Kifo chenyewe kimefanywa kosa la msimulizi. Ni fani ya hali ya juu. Mwaka uliofuata ukaja Warrior Within, wenye damu tele, muziki wa roki mzito na wanawake waliovishwa nusu. Daraja la umri likapanda hadi miaka 17, na ile kauli ya kujisahihisha ikatoweka. Jordan Mechner, aliyeuanzisha mfululizo huo mwaka 1989, alieleza hadharani kwamba hakupendezwa. Hadhira ilipandishwa umri, hadithi ikateremshwa.

God of War ni kinyume chake. Mchezo wa 2005 na ule wa 2018 yote iliwekewa daraja lile lile la miaka 17. Kwa kipimo cha jalada, hakuna kilichobadilika. Lakini Kratos, aliyewaua mkewe na bintiye kwa hila ya Ares, kisha akamuua Zeus, baba yake, sasa ana mwana, Atreus, na anamficha kwamba wao ni miungu. Mtoto anaugua kwa kutojua yeye ni nani. Umwagaji damu wa zamani umepata wa kuuhoji.

Msomaji wa utendi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 hatashangaa. Kinachotisha katika kifo cha Liyongo ni kwamba aliyemchoma kitovuni ni mwanawe, na siri ya kitovu hicho aliitoa baba mwenyewe. Kijumwa hakuhitaji damu zaidi ya hiyo.

Watajibu watetezi kwamba wachezaji wa zamani wamekuwa watu wazima. Kweli, na wengi wao ni wazazi. Ndiyo maana Kratos wa 2018 aliwagusa.

Tena, ni hadhira ipi hiyo? Katika vibanda vya PlayStation vya Githurai 45, ambako mteja hulipia mchezo mmoja au dakika kadhaa, jalada lenye umri halionekani. Kijana hushika kidhibiti, na nyuma ya bega lake husimama watoto wasiolipa chochote, wakitazama, wakishangilia, wakikosoa. Fanani na hadhira wamo humo, kama nadharia ya fasihi simulizi inavyofundishwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilomita chache mbele kwenye barabara iyo hiyo ya Thika. Wanafunzi wa fasihi hupita hapo kwa matatu wakielekea darasani kuisoma nadharia hiyo.