Ng'ombe Akitupa Mimba, Usifiche

Msomaji, iko desturi moja katika mashamba yetu ambayo yafaa tuiache. Ng'ombe au kondoo akitupa mimba, mwenyewe huita watoto wamtupe yule ndama upesi, au humwachia mbwa, kisha hunyamaza. Jirani akiuliza, huambiwa ni bahati mbaya tu.

Labda ni bahati mbaya kweli. Lakini labda ni Homa ya Bonde la Ufa, na kwa macho tu huwezi kujua.

Ugonjwa huu ulitambuliwa hapa kwetu. Katika mwaka wa 1930, kondoo wa shamba moja karibu na Naivasha walitupa mimba, na wana-kondoo wengi wakafa. Wataalamu wa Kabete walichunguza wakaona ni virusi, na leo twajua kwamba mbu huvieneza. Mayai ya mbu hao hukaa katika udongo mkavu miaka mingi yakingoja mvua kubwa. Ndiyo sababu ugonjwa hulala kisha huamka. Mvua za mwisho wa 2006 zilipouamsha, watu zaidi ya 150 walikufa katika Kenya.

Kwa nini mimba ndiyo huharibika kwanza? Kondo la nyuma ni kama bawabu mlangoni: hupitisha chakula kutoka kwa mama na kuzuia maradhi mengi. Virusi hivi humshinda bawabu huyo. Huzaana ndani ya kondo lenyewe, kisha humwingia mtoto. Katika mwaka wa 2018 wataalamu wa Pittsburgh, Marekani, walivijaribu katika vipande vya kondo la binadamu, wakaona vyaingia humo pia. Na uchunguzi wa Sudan, uliotangazwa 2016, ulionyesha kwamba wajawazito walioambukizwa walipoteza mimba zaidi kuliko wenzao.

Basi, ndama aliyetupwa na kondo lake huenda wamejaa virusi. Ukimtuma mkeo au mtoto wako kuwashika kwa mikono mitupu, umemtuma hatarini.

Najua hofu yenu. Mnasema, "Nikitoa habari, soko litafungwa, na karo ya watoto hutoka kwenye maziwa." Ni kweli, karantini huumiza, nami naonelea majibu ya maabara yapaswa kuja upesi ili mkulima asiteseke bure. Lakini anayeficha hazuii karantini. Huichelewesha mpaka ugonjwa umeingia mashamba kumi, na hapo soko hufungwa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo, mwite Afisa wa Mifugo siku ile ile. Usiguse bila mipira ya mikono, na mjamzito asikaribie kabisa. Maziwa yachemshwe. Chanjo itolewe kabla ya mvua, wala usimpe mnyama mwenye mimba bila kumwuliza daktari, maana chanjo nyingine zenye virusi hai zaweza kumtupisha mimba.

Ndama mmoja amekwisha potea. Habari zake zaweza kuokoa wengine, hata mtoto aliye tumboni mwa jirani yako.