Mbwa Mdogo Mwenye Kazi Kubwa

Juma hili tuzungumze juu ya kiumbe mmoja ambaye watu wengi humchukua nyumbani kwa sababu ya udogo wake, kisha wakamchoka kwa sababu ya mambo yake. Huyu ni mbwa wa jamii ya teria aitwaye Jack Russell. Ni mweupe, mwenye mabaka meusi au ya hudhurungi. Kimo chake begani ni sentimeta 25 hadi 30, na uzito wake ni kama kilo 5 au 6 tu. Ukimwona amejilaza barazani utadhani hawezi kuwa mzigo kwa mtu yeyote. Hatakula sana, wala hatahitaji uwanja mkubwa. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mbwa huyu naye ameundwa, tena kwa kusudi maalumu. Jina teria lenyewe limetokana na neno la Kilatini terra, maana yake ardhi, kwa kuwa mbwa wa jamii hii walifugwa ili waingie mashimoni kufuata wanyama. Huyu tunayemzungumzia amepewa jina la Kasisi John Russell wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufariki mwaka 1883. Kasisi huyo alihudumia kanisa la Swimbridge katika jimbo la Devon, naye alipenda mno kuwinda mbweha. Mwaka 1819, akingali mwanafunzi huko Oxford, alijipatia mbwa jike aliyeitwa Trump, na kutokana na huyo akaanza kukuza kizazi cha teria aliowataka.

Aliwataka wa namna gani? Katika uwindaji ule, mbwa wakubwa walimkimbiza mbweha mpaka akajitosa shimoni. Hapo teria aliingia nyuma yake, akamkabili gizani na kumbwekea bila kukoma, ama mbweha atoke nje, ama watu waliokuwa juu wajue mahali pa kuchimba. Kwa hiyo ilimpasa awe mwembamba wa kifua, kiasi cha kuzungukwa kwa viganja viwili vya mtu. Ilimpasa awe mweupe, asije akadhaniwa kuwa ndiye mbweha. Zaidi ya yote, ilimpasa awe jasiri na mwenye kujiamulia, kwani chini ya ardhi hapana bwana wa kumwamuru. Uwindaji huo wa kutumia kundi la mbwa ulipigwa marufuku katika England na Wales kwa sheria ya mwaka 2004. Lakini sheria huzuia matendo ya watu. Haiwezi kufuta kilichomo katika damu ya mbwa.

Sasa, msomaji, hebu tuyaangalie malalamiko ya wenye kufuga mbwa huyu. La kwanza, anabweka mno. La pili, anachimba bustani na kupenya chini ya ua. La tatu, anawafukuza kuku, na pengine kuwaua. Ukiyatafakari vema, utaona kwamba mambo hayo matatu ndiyo kazi yake ya asili. Si ukorofi, wala si ukosefu wa adabu. Ni fundi aliyekosa kazi, naye anajitafutia.

Dawa yake, basi, si mnyororo. Mbwa huyu akifungwa kutwa, nguvu zake hugeuka kuwa uchungu. Atabweka zaidi, atatafuna chochote kilicho karibu, na huenda akamrukia kwa meno mtoto apitaye. Dawa yake ni kazi. Mpe matembezi ya haraka asubuhi na mapema na tena jua likipunga, jumla yake isipungue saa moja kwa siku. Mchana wa jua kali mwache kivulini, penye maji safi. Awapo njiani avae ukanda na kamba, maana akimwona panya au paka hatasikia tena wito wako, hata magari yawe yanapita.

Akili yake pia inahitaji kazi. Ficha vipande vya chakula chake chini ya makopo au ndani ya gunia kuukuu, umwache avitafute kwa pua. Tenga pembe moja ya uwanja yenye mchanga laini, uzike humo kitu akipendacho, umfundishe kwamba hapo ruhusa kuchimba. Ukimzuia kuchimba kila mahali hutashinda. Ukimwonyesha mahali pake, utaokoa mchicha wako. Chini ya ua panga mawe au fukia wavu wa waya. Nao kuku wawe na banda madhubuti, wala usimwache nao peke yake hata kama amezoea.

Mafunzo yaanze angali mdogo, kwani samaki mkunje angali mbichi. Dakika 5 au 10, mara mbili au tatu kwa siku, zatosha. Amri iwe neno moja, na watu wote wa nyumbani walitumie neno hilo hilo. Akitii, apewe tonge na sifa papo hapo. Fimbo haifai. Mbwa aliyelelewa kumkabili mbweha gizani hatishiki kwa kipigo; atajifunza tu kwamba mkono wa binadamu ni adui.

Kuhusu watoto, yafaa tuseme wazi. Teria hupenda michezo ya watoto, lakini hapendi kuvutwa mkia, kunyang'anywa chakula, wala kuamshwa kwa kushtuliwa. Mtoto mdogo asiachwe na mbwa pasipo mtu mzima. Na kabla ya yote, mbwa apate chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha irudiwe kama bwana mifugo atakavyoagiza. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Asisubiri kuona dalili. Dalili za kichaa zikishatokea, aghalabu hapana tena tiba.

Chakula chake ni kidogo, lakini kiwe na nyama, dagaa wasio na chumvi au mayai, si ugali mtupu. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika vipande vikali. Wala vitunguu na chokoleti, ambavyo ni sumu kwake. Mkague kupe masikioni na katikati ya vidole kila jioni, na umpe dawa ya minyoo kwa wakati.

Tusimsahau jirani. Wako ambao dini yao yawataka wajiepushe na mate ya mbwa, na wako wafanyao kazi usiku wakalala mchana. Mbwa wako asiingie barazani kwao, wala kelele zake zisiwe adhabu kwa mtaa mzima.

Mwisho, yako mashauri ya nyumbani. Mara nyingi baba ndiye ampendaye mbwa, watoto ndio wamshangiliao, na mama ndiye amlishaye, amfungiaye na kusafisha uchafu wake, juu ya kazi alizo nazo. Hiyo si haki. Kabla ya kumpokea, jamaa wote waketi na kukubaliana: nani atatembea naye alfajiri, nani jioni, nani atampeleka kwa bwana mifugo, na fedha zitatoka wapi. Tena wakumbuke kwamba mbwa huyu huishi miaka 13 au zaidi. Mtoto anayeanza shule leo atakuwa kijana mtu mzima, na mbwa bado yupo, anangoja kutembezwa.

Ikiwa majibu yamepatikana, mchukueni kwa furaha. Mtapata mlinzi asiyesinzia, adui wa panya, na rafiki asiyejua kununa. Ikiwa hayakupatikana, mwacheni aende kwa wengine walio na nafasi. Kumkataa mbwa mapema ni wema kuliko kumpokea kwa shangwe, kisha akaishia jalalani, hana chanjo wala bwana, akiwa hatari kwa watoto wa mtaa ule ule uliompokea.