Goti ni la Nani?



Kanisa halikutufundisha kupiga magoti ovyo. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliagiza katika kanuni yake ya 20 kwamba siku ya Bwana na katika siku za Pentekoste watu wasali wakiwa wamesimama. Desturi ya baadaye katika Kanisa la Magharibi ikaweka mpaka mwingine: goti la kulia mbele ya Sakramenti Takatifu, goti la kushoto mbele ya mfalme au askofu. Wazee wetu wa imani walijua kwamba goti lina mwenyewe, na kwamba wapo watakaolitamani.

Tunayasema haya kwa sababu katika mitaa ya Arusha na katika vijiji vya mteremko wa Meru goti limegeuzwa kuwa kodi. Mjane ambaye shemeji zake wameng'oa mipaka ya kihamba alichoachiwa na mumewe huenda ofisini na maneno aliyokwisha kuyatayarisha: "Mheshimiwa, nakuomba kwa magoti, nisaidie." Pengine hupiga magoti kweli, juu ya sakafu ya saruji, huku mwenye meza akiendelea kupekua karatasi. Anaomba nini mama huyu? Anaomba kilicho chake. Ibara ya 12 ya Katiba ya nchi yetu inatamka kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa, na kwamba kila mtu anastahili heshima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatambua haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Haki ikiombwa kwa magoti hugeuka kuwa fadhila. Fadhila hudai shukrani. Na shukrani, katika baadhi ya ofisi, huitwa chai.

Tutaambiwa kwamba tunapiga vita mila. La hasha. Mtoto wa Kiarusha humwinamishia mzee kichwa, naye mzee humwekea mkono utosini. Wapo kati yetu Wahaya na Wasukuma, ambao kwao binti hupiga goti anapowaamkia wakubwa. Hatuna ugomvi na heshima ya namna hiyo, kwa kuwa ina mkono unaoitika: anayeheshimiwa hubariki, na siku ya njaa mlango wake hugongwa bila hofu. Bwana mkubwa wa ofisini hambariki mtu. (Na kwa kuwa tumegusa mila, tungependa kujua ni mila gani inayomtaka bibi arusi apige magoti ukumbini na sahani ya keki, mshereheshaji akimhimiza ashuke zaidi, wakati bwana arusi amekaa kama sanamu. Aliyeinama kuosha miguu katika Yohane 13 hakuwa mtumishi.)

Maandiko hayakunyamaza. Mordekai alikataa kumwinamia Hamani, ingawa amri ya mfalme ilimtaka ainame (Est 3:2). Kornelio alipoanguka miguuni pa Petro, Petro alimwinua akamkumbusha kwamba naye ni mwanadamu tu (Mdo 10:25-26). Na tusisahau kwamba askari walimpigia Bwana wetu magoti huku wakimtemea mate (Mk 15:19). Magoti, basi, yanaweza kuwa uongo.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi ya Engare Nanyuki ili iwapatie walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Watu wakaelekezwa Kingori, nao wakakataa. Wangeweza kumwendea Bwana Gavana kwa unyenyekevu na kuomba wahurumiwe. Badala yake walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York, akaeleza dai la watu wake kama dai. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Walishindwa kwa kura, lakini Tanganyika nzima ilisikia, na miaka miwili baadaye TANU ilizaliwa.

Mwaka 1967 ni mji wetu huu uliolipa jina Azimio lililoanza kwa kukiri usawa wa binadamu. Siku zile kiongozi aliitwa Ndugu. Leo ni Mheshimiwa, hata akiwa amekuja kufungua choo cha shule.

Tumetaja shule, na hapo ndipo panapotuuma zaidi. Mtoto aliyechelewa hupigishwa magoti juu ya changarawe, mikono juu, jua likimwakia, wenzake wakimcheka. Jioni mtoto huyo huyo twamwambia: piga magoti, tusali. Je, mwili wake utatofautisha vipi aibu na ibada? Walimu Wakatoliki, ambao ni wengi katika jumuiya zetu, watujibu. Zipo adhabu nyingine. Hii imeiba ishara ya altare na kuitumia kudhalilisha.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zote zifanye jambo moja kabla ya Kwaresima. Mjane mwenye shauri la shamba asiende ofisini peke yake. Aende na wenzake wawili wanaojua kusoma, wachukue barua yake na nakala yake, nakala igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Wakifika, wamsalimu ofisa kwa heshima inayompasa mtu aliyeajiriwa kuwahudumia, kisha waombe kiti kwa ajili ya mama. Kama kiti hakipo, asimame. Akiulizwa amekuja kuomba nini, ajibu kwamba hakuja kuomba. Amefuata shauri lake.