Bima Zisilipie Kipimo Kisicho na Jina

"Seroloji: chanya." Hayo tu, na bei pembeni, ndiyo yaliyoandikwa kwenye bili niliyopewa na kliniki moja hapa Kimihurura, Kigali. Seroloji ya nini? Kingamwili za bakteria gani, zilizopimwa kwa njia ipi, zikapatikana kwa kiwango gani? Keshia hakujua, na fomu ya bima haikumwuliza. Nikakabidhiwa risiti na pakiti ya siprofloksasini. Bima inayolipa bili ya namna hiyo inamwaga fedha za wanachama wake, na itaendelea kuzimwaga mpaka ikatae kulipia kipimo chochote cha kingamwili kisichokuwa na namba yake ya malipo na jina lake kamili.

Wengi hudhani namba za malipo ni shughuli ya makarani na wahasibu. Hapana. Namba hizo ndizo zinazoamua mgonjwa atapimwa nini na atameza nini.

Kingamwili ni nyayo: zinaonyesha kwamba mgeni alipita, hazisemi kama bado yumo ndani. Mtu aliyeugua taifodi zamani, au aliyechanjwa, anaweza kuonekana na kingamwili leo huku homa yake inatokana na malaria. Kipimo cha taifodi cha Widal, kilichoanzishwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, kinataka damu itolewe mara mbili, kwa kupishana siku kumi hivi au wiki mbili, ili ionekane kama kiwango kimepanda mara nne. Ni mgonjwa gani wa Kigali aliyewahi kuitwa arudi kutoa damu ya pili? Tone moja kwenye kigae, chembe zikigandamana, basi: "Una taifodi."

Madhara ya vipimo vya namna hii yameshapimwa kwa majirani zetu. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti walichunguza wagonjwa wa homa waliopimwa bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumfikia mtu kwa maziwa mabichi, hospitalini kwa kile kipimo cha haraka kilichozoeleka. Takriban mmoja kati ya watano aliambiwa anao ugonjwa. Damu zile zile zilipopimwa kwa kipimo kingine, kiitwacho Rose Bengal, waliothibitika walikuwa kama mmoja kati ya mia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Bruselosi hutibiwa kwa antibiotiki mbili kwa pamoja, kwa wiki sita. Hebu fikirieni watu wale: wiki sita za vidonge, wiki sita za nauli na kichefuchefu, na homa yenyewe haijapata jina. Nasi tunaopenda maziwa, wenye baa za maziwa kila mtaa, tusijidanganye kwamba jambo hili linaishia mpakani.

Sasa tazameni Marekani, ambako chama cha madaktari kimekuwa kikitunza orodha ya namba za malipo tangu mwaka 1966. Kingamwili za Salmonella zina namba 86768. Za Brucella, 86622. Za Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, 86677. Ipo pia namba 86609, ya bakteria yeyote ambaye hakutajwa kwingine, na hapo ndipo penye mwanya. Lakini angalieni faida ya kutaja. Ilipodhihirika kwamba kingamwili za Helicobacter haziwezi kutofautisha maambukizi ya sasa na yaliyokwisha, kampuni kadhaa za bima huko zilikataa kuendelea kukilipia kipimo hicho, zikaelekeza wagonjwa kwenye kipimo cha choo au cha pumzi. Ziliweza kwa sababu kilikuwa na namba yake. Kingejificha ndani ya "seroloji", nani angekikataa? Kisichotajwa hakikataliki.

Sipingi vipimo vyote vya kingamwili. Mama mjamzito anapopimwa kaswende kwa tone la damu ya kidole na kuchomwa penisilini mapema, mtoto anaokolewa kwa gharama ndogo mno. Kipimo hicho kilipwe chote, bila maswali. Ndiyo maana nadai kisichanganywe kwenye kapu moja na vile visivyo na maana.

Fedha tunazozungumzia zina wenyewe. Mutuelle, bima yetu ya afya ya jamii, ilianza kwa majaribio katika wilaya tatu mwaka 1999, na tangu 2015 inasimamiwa na RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii. Mkulima huchangia kila mwaka, kisha akifika hospitali hulipa asilimia 10 ya gharama. Mtumishi wa umma mwenye bima ya RAMA hulipa asilimia 15. Kila kipimo cha ovyo kinachopita kwenye fomu kinawagusa wote wawili, kwanza kwenye mchango, halafu mfukoni. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na tunapoteza zaidi ya fedha. Mwaka 2019 pekee, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.27 duniani walikufa kutokana na bakteria sugu. Kila siprofloksasini inayotolewa kwa taifodi ya uongo inawafundisha bakteria kuishinda dawa ambayo mwenye ugonjwa wa kweli ataihitaji kesho.

Nitaambiwa kwamba njia mbadala, kuotesha damu maabara ili bakteria mwenyewe aonekane, ni ghali, huchukua siku kadhaa na nako hukosa baadhi ya wagonjwa. Ni kweli. Lakini bakteria akiota, ugonjwa umethibitika, na maabara inaweza kueleza ni dawa gani inayomuua. Nitaambiwa pia kwamba manesi wamelemewa na fomu. Kompyuta inayoweza kuandika "seroloji" inaweza kuonyesha orodha ya majina, na LOINC, orodha ya majina na namba za vipimo vya maabara iliyoanzishwa mwaka 1994, hutolewa bure. Inataja kinachopimwa, aina ya sampuli na njia ya kupima.

Bunge letu liko hapa hapa Kimihurura. Waheshimiwa, iiteni Wizara ya Afya, iiteni RSSB, na muwadai mambo matatu. Kila kipimo cha kingamwili kiwe na namba inayotaja bakteria, njia na kiwango kilichopatikana. Widal ya damu moja, na kipimo chochote cha bruselosi ambacho hakijathibitishwa kwa njia ya pili, visilipwe hata faranga moja. Fedha zitakazookolewa zipelekwe kwenye hospitali za wilaya, damu ioteshwe huko na majibu yatoke huko. Hakuna kati ya hayo linalosubiri mfadhili wala teknolojia mpya. Yanasubiri sahihi zenu, na kila mwezi mnaochelewa kuna mgonjwa anayelipia kipimo kisichomsaidia na kumeza dawa asiyoihitaji.